Samaki na konokono wakitulia tuli usiku: wamelala au wanaugua?

Mama Pacha, Kisumu

Hamjambo nyote. Ninafuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo la lita 120 hapa Mamboleo, Kisumu. Ndani yake mna gapi, neoni, koridorasi wanaokaa chini mchangani, pleko mmoja, na konokono wawili wakubwa wa manjano ambao wauzaji huwaita konokono tufaha. Maji ni maangavu na wote wanakula vizuri, lakini mienendo yao ya usiku inanitia wasiwasi, nami ningependa kusikia kutoka kwa wenye ujuzi kabla sijatia dawa isiyohitajika.

Ninapoamka saa 11 alfajiri kuwatayarisha watoto, ninawakuta neoni wamepauka hadi ule mstari wao wa buluu karibu hauonekani, kila mmoja akielea peke yake mahali pamoja. Nikiwasha taa ya tangi ghafla, baadhi yao hukurupuka na kujigonga kwenye kioo, kisha polepole rangi hurudi. Koridorasi nao mara kwa mara hufyatuka kutoka chini hadi juu ya maji, hugusa hewa, na kurejea chini kwa kasi ile ile. Konokono ndio walionitatiza zaidi. Mmoja alijifungia ndani ya gamba lake siku mbili nzima, halafu usiku uliofuata akazunguka tangi lote bila kutua. Mwenzake hupanda kioo hadi juu, kisha hujiachilia na kuanguka mchangani.

Je, samaki asiye na kope hulala? Konokono naye hulala? Nitamtambuaje aliyepumzika na aliye mgonjwa? Watoto wangependa taa ya tangi iachwe ikiwaka usiku kucha ili samaki wasiogope giza. Je, kuna ubaya? Tena mwani umeanza kuota kwenye kioo, na jirani amenishauri niokote konokono wadogo ufuoni Dunga, kando ya Ziwa Viktoria, waje waule. Nitashukuru kwa maelezo yenu.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Mama Pacha, salamu kutoka Kakamega. Nilifundisha baiolojia kwa miaka mingi, na swali lako la kope ni lile lile ambalo wanafunzi walikuwa wakiniuliza kila tulipofika mada ya samaki. Samaki wako hulala. Kufumba macho si sharti la usingizi. Wanaochunguza wanyama huangalia mambo mengine, yaani kwamba mnyama ametulia katika mkao wake wa kawaida wa kupumzika, kwamba huchelewa kuitikia kichocheo kidogo ambacho angekiitikia mara moja akiwa macho, kwamba anaweza kuamshwa haraka, na kwamba akinyimwa mapumziko hayo huyafidia baadaye. Yote haya yameonekana kwa yule samaki mdogo mwenye milia anayefugwa sana katika maabara, ambaye huuzwa pia kwa wafugaji wa matangi kwa jina la danio. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba danio walionyimwa usingizi waliufidia walipoachwa gizani, lakini hawakuufidia walipoachwa kwenye mwanga. Mwaka 2019 chuo hicho hicho kikachapisha kazi nyingine iliyoonyesha kwamba hata ndani ya ubongo wa samaki huyo mna mabadiliko yanayofanana na yale ya usingizi wa wanyama wanyonyeshao.

Kwa hiyo jibu la taa ni wazi: izimwe. Mwanga unamzuia samaki asilale hata akiwa amechoka. Waeleze watoto kwamba giza ni haki ya samaki, wala halimtishi. Asili ya neoni ni sehemu za juu za bonde la Amazon, katika nchi za Peru, Kolombia na Brazili, karibu na Ikweta kama sisi tulivyo, ambako mchana na usiku hukaribia saa 12 kwa 12 mwaka mzima. Taa ya tangi ikiwaka kwa jumla ya saa 8 hadi 10 kwa siku inatosha, na mwani wako pia utapungua, kwa maana nao hustawi kwa mwanga.

Kupauka kwa neoni ni jambo la kupendeza sana ukilifahamu. Ule mstari wa buluu haukutokana na rangi iliyomo ndani ya ngozi. Seli za sehemu hiyo zina vipande vyembamba mno vya fuwele vilivyopangwa safu kwa safu, vinavyoakisi mwanga, na nafasi kati ya safu hizo hubadilika kulingana na mwanga unaoifikia ngozi. Usiku mstari hufifia, na samaki mdogo asiyeng'aa hujificha vizuri zaidi kwa adui. Taa ikiwashwa, mpangilio hurudi baada ya dakika chache. Jambo baya ni huko kukurupuka. Samaki aliyeamshwa na mwanga wa ghafla hukimbia kabla hajaona anakokwenda, naye anaweza kujiumiza. Washa kwanza taa ya chumba kingine au fungua pazia, ungoje kama robo saa, ndipo uwashe ya tangi.

Tazama pia kwamba neoni anayeelea amelala hatulii kabisa. Kibofu cha hewa kilichomo mwilini humwezesha asizame wala asipande, lakini maji yanayotoka matamvuani kila anapopumua humsukuma mbele kidogo, hivyo huendelea kupepea mapezi ya kifuani ili abaki pale pale. Koridorasi hutua tu mchangani. Pleko wako yeye ana zamu yake: ni samaki wa usiku, na mchana ukimchungulia jichoni utaona kipande kidogo kimeshuka juu ya mboni kupunguza mwanga unaoingia. Akiganda ubaoni kutwa nzima usimsumbue.

Kufyatuka kwa koridorasi kuelekea juu si ugonjwa. Samaki hao humeza hewa, nayo hupita hadi sehemu ya nyuma ya utumbo wao, ambako mishipa midogo ya damu huchukua oksijeni. Hufanya hivyo hata kwenye maji mazuri. Wakianza kufanya hivyo mfululizo, hapo ndipo uyashuku maji.

Kuhusu kumtofautisha aliyelala na mgonjwa, kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni pumzi. Mtazame samaki mzima akiwa ametulia, uhesabu mara ngapi kifuniko cha matamvua hufunguka kwa dakika, uandike mahali. Aliyelala hupumua polepole na kwa mpigo ulio sawa. Mgonjwa au aliyekosa hewa hutulia huku akipumua kwa haraka, mara nyingi mapezi yakiwa yamebanwa mwilini, na chakula kikitiwa mchana hasogei. Konokono aliyejifungia siku mbili ningemtoa bila kuchelewa, kwa sababu akifia ndani na kuoza ataachia amonia nyingi, na samaki wote wataumia.

Mfugaji wa Konokono, Nakuru

Mwalimu ameeleza habari za samaki kwa namna ambayo hata sisi wafugaji wa siku nyingi tumefaidika. Ninamwomba tu aniruhusu nitofautiane naye kuhusu konokono, kwa sababu nimeona wengi waliokuwa hai wakitupwa kwa haraka ya namna hiyo.

Konokono hupumzika, lakini hafuati saa zetu. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, juu ya konokono wa bwawani aitwaye Lymnaea stagnalis. Waligundua kwamba hulala kwa vipindi vifupi vya takriban dakika 22, kama vipindi 7 vinavyofuatana katika muda wa saa 13 hivi, halafu hukaa zaidi ya saa 30 akiwa macho. Hakuna usiku wala mchana katika mpango huo. Anapolala hubaki ameshikilia kioo, vipapasio vimerudi nusu, mguu umelegea, na gamba limening'inia mbali kidogo na mwili. Konokono wako ni wa jamii nyingine, wa ukoo wa Pomacea, nao kwa kawaida huchangamka zaidi usiku, kwa hiyo nambari hizo usizichukue kuwa zake. Lakini zinakuonyesha kwamba konokono aliyetulia kutwa kisha akazunguka usiku kucha hana kasoro yoyote.

Konokono tufaha ana kifuniko kigumu mguuni, na anapojifunga hukivuta kikaziba mlango wa gamba. Hujifunga anapopumzika kwa muda mrefu, maji yakipoa, maji yakibadilishwa mengi kwa wakati mmoja, akidonolewa na samaki, au akionja dawa majini. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu, mchukue kwa upole umnuse. Konokono aliyekufa hunuka vibaya mno, harufu ambayo huwezi kuikosea, na kifuniko chake huachia. Aliye hai hukivuta ukikigusa. Ukiwa bado na shaka, mtie katika bakuli lenye maji ya tangi hilo hilo, kina kifupi, umwache hadi kesho yake. Hapo hofu ya Mwalimu kuhusu amonia, ambayo ni ya haki kabisa, itakuwa imetatuliwa bila kumpoteza mnyama aliye hai. Usimbandue kwenye kioo kwa kumvuta gamba kwa nguvu, kwani mwili umeungana na gamba kwa msuli, na msuli huo ukichanika hataishi. Mtelezeshe pembeni taratibu hadi aachie mwenyewe.

Kuanguka kutoka juu ya kioo ni njia yake ya kushuka. Kupanda humgharimu nguvu nyingi, maana mguu hutembea kwa mawimbi madogo ya misuli juu ya ute anaoutoa mwenyewe; ukiweka jicho upande wa pili wa kioo utayaona mawimbi hayo yakipita. Mara nyingi hupanda kwa sababu ya hewa. Konokono huyu ana tamvua upande mmoja wa mwili na pafu upande wa pili, na hunyoosha mrija wa nyama hadi juu ya maji, kisha husukuma mwili mbele na nyuma akilijaza pafu hewa. Akimaliza, hujiachilia. Akiwa amebakiza hewa nyingi mwilini anaweza hata kuelea siku nzima, na hilo pia huwatisha wageni. Acha nafasi ya sentimita chache kati ya maji na kifuniko cha tangi, kwanza kwa ajili ya mrija huo, pili kwa sababu jike hutaga mayai juu ya maji, kishada kilichobandikwa kwenye kioo kikavu.

Sisi wa Nakuru tuna taabu ambayo ninyi wa Kisumu hamna. Mji wetu uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hupenya hadi ndani ya nyumba. Joto la maji likishuka kutoka nyuzi 26 hadi 18, samaki na konokono wote hupunguza mwendo, kwa kuwa miili yao haina joto lake yenyewe. Mfugaji wa huku akiona tangi zima limezubaa, aangalie kipimajoto na hita kwanza. Tena kwenye mwinuko huu maji hushika oksijeni kama sehemu nne tu kati ya tano za ile ambayo yangeshika pwani kwa joto hilo hilo, hivyo pampu ya hewa kwetu si anasa.

Neno la mwisho kwa Mama Pacha ni kuhusu dawa. Dawa nyingi za samaki zina shaba, na shaba huwaua konokono hata kwa kiasi kidogo. Na ikiwa maji yako asili yake ni ziwa, yana kidogo tu ya kalisi, madini yanayojenga gamba, hivyo chunguza kama magamba yameanza kuliwa na kubaki na madoa meupe. Ganda la yai lililochemshwa na kupondwa husaidia.

Kijana wa Dunga

Mama Pacha, shikamoo. Nimeandika kwa ajili ya jambo moja hasa: tafadhali usiokote konokono huku kwetu ukawatia tangini. Kwenye kingo za ziwa, hasa palipo na magugu maji, kuna konokono wadogo bapa, gamba limejikunja kama kamba iliyoviringishwa mezani, waitwao Biomphalaria. Hao ndio wanaobeba vimelea vya kichocho cha utumbo. Wanafanana mno na konokono bapa wasio na madhara wanaouzwa madukani, na kwa macho hata sisi tuliozaliwa hapa hatuwezi kukuhakikishia yupi ni yupi, sembuse yupi ameambukizwa. Konokono aliyeambukizwa huachia vimelea majini kila siku kwa wiki nyingi, hasa jua linapopanda, kwa sababu mwanga ndio unaowachochea watoke. Taa ya tangi ni mwanga pia. Mkono wa mtoto ukiingia majini, vimelea hupenya ngozi katika muda wa dakika chache. Mimea ya ziwani nayo usiichukue, maana mayai ya konokono hubandikwa chini ya majani.

Kinyume chake pia kina hatari. Konokono tufaha wakikuzalia wengi, usiwamwage mtaroni wala mtoni. Mwaka 2020 ilithibitishwa kwamba konokono wa ukoo huo huo, Pomacea canaliculata, amevamia mashamba ya mpunga ya Mwea, kule Kirinyaga, naye hula miche michanga. Sisi tuna mpunga Ahero, na mifereji yake si mbali na Kisumu. Mayai usiyoyataka yaponde yangali kwenye kioo kikavu.

Kuhusu taa, ninamuunga mkono Mwalimu kwa ushahidi wa ziwa. Omena, yaani dagaa wa ziwani, hukaa karibu na chini mchana na hupanda juu usiku, nasi huwavua kwa taa zinazoelea, zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mwezi ukiwa mpevu mavuno hupungua, kwa sababu mwanga umetapakaa ziwa zima na taa yetu haiwavuti tena. Samaki ambaye mwanga wa mbalamwezi unambadilisha kiasi hicho hawezi kukosa kuathiriwa na taa iliyo sentimita 20 juu ya mgongo wake usiku kucha.

Na iwapo siku moja utataka kufuga fulu, samaki wa ziwa letu, ujue tabia mbili. Jike wa jamii nyingi za fulu hubeba mayai na vifaranga mdomoni kwa wiki mbili hadi tatu, na muda huo hujificha, hutulia na karibu hali chochote; wengi humdhania mgonjwa, ilhali ukitazama kidevu utaona kimevimba. Tabia ya pili ni kwamba kuna fulu, Astatoreochromis alluaudi, mwenye mataya kooni yanayoponda magamba ya konokono. Huyo usimweke pamoja na hao wa manjano.

Mama Pacha, Kisumu

Nimewashukuru sana, Mwalimu, ndugu wa Nakuru, na wewe mwanangu wa Dunga. Konokono wa ziwani sitawagusa, na watoto nimewasomea maelezo ya kichocho neno kwa neno. Yule aliyejifungia nilimnusa, hana harufu, na alivuta kifuniko nilipokigusa, hivyo nimemwacha.

Yamebaki mawili. Duka moja linauza taa hafifu ya buluu inayosemekana kuwa ya usiku. Je, hiyo nayo inazuia usingizi? Tena umeme ulipokatika usiku majuzi, pampu ikasimama, na alfajiri nikawakuta gapi na neoni wote wamejipanga juu ya maji wakihema. Mimea ni mingi tangini. Nilidhani mimea huleta oksijeni.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Kwanza ninamshukuru ndugu wa Nakuru. Bakuli la maji ya tangi ni ushauri bora kuliko wangu, na nitaufuata.

Taa ya buluu inafaa kwa nusu saa baada ya taa kubwa kuzimwa, ili giza lisiwashukie ghafla, halafu nayo izimwe. Macho ya samaki huona buluu vizuri, hivyo kwao hilo si giza.

Hilo la alfajiri ulichukulie kwa uzito, kwa maana hapo samaki hawakuwa wamelala. Mimea hutoa oksijeni panapokuwa na mwanga tu. Usiku mimea, samaki, konokono na bakteria wa kwenye kichujio wanaosafisha maji, wote huitumia, na hakuna anayeirudisha, kwa hiyo kiwango hufikia chini kabisa muda mfupi kabla ya mapambazuko. Maji ya Kisumu ni ya joto, na maji ya joto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Pampu ndiyo iliyokuwa ikilifidia pengo hilo. Samaki mmoja mmoja akigusa hewa na kurudi chini ni kawaida ya aina fulani. Lakini samaki wa aina zote wakibaki juu midomo wazi, hiyo ni dalili ya maji yaliyoishiwa hewa, na mara nyingine ya amonia.

Umeme ukikatika tena, teka maji ya tangi kwa kikombe safi na uyamimine kutoka juu, mara nyingi kadiri uwezavyo, ili uso wa maji uvunjike na hewa iingie. Pampu ndogo ya betri itakupunguzia kazi hiyo. Usiwalishe jioni ambayo umeme umekatika, kwa sababu mmeng'enyo wa chakula huongeza mahitaji yao ya oksijeni. Kichujio kikisimama saa nyingi, bakteria waliomo huanza kufa, basi kabla ya kukiwasha kisuuze katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Usitumie maji ya mfereji, maana klorini itawamaliza waliosalia. Siku inayofuata badilisha robo ya maji kwa maji yaliyokaa wazi ndooni tangu siku iliyotangulia, na upunguze mimea inayofunika uso wa tangi.

Mfugaji wa Konokono, Nakuru

Ninaongeza dogo kwa yule aliyejifungia. Asipotoka hadi wiki iishe, mnuse kila asubuhi, na umwekee kipande cha tango au sukuma wiki iliyochemshwa kidogo mbele ya mlango wa gamba baada ya taa kuzimwa. Kikibaki hadi mchana, kitoe kabla hakijaharibu maji.